Uta wa roda na mkono usiofumba

Mtu hajui atasomeshwa na nani. Mimi nimezaliwa Mombasa na kukulia Mombasa, na kwa umri wangu huu ambao watoto wa jirani wameanza kuniita babu, nilidhani habari za uta na mshale nazijua. Nimezisikia madrasani, nimezisikia katika visa vya Fumo Liyongo, na nilipokuwa kijana niliwahi kuona uta wa mzee mmoja wa Kigiriama, bara ya Kilifi, nikaujaribu mbele ya wenzangu. Kumbe nilikuwa sijui hata namna ya kuushika. Aliyenifunza ni mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 17, na mahali aliponifunza si pwani bali ni Kisumu, kando ya ziwa.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Dada yangu aliolewa Kisumu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Anakaa Kaloleni, si Kaloleni yetu ya Kilifi, bali mtaa wa Kaloleni wa Kisumu, ambako adhana husikika kutoka pande zote na harufu ya sambusa za magharibi ni ile ile ya kwetu. Kazi yake ni ushoni. Mumewe alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, akamwachia watoto watatu na cherehani mbili. Ana desturi ya kunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Ijumaa moja alinipigia kabla ya saa tatu za asubuhi, nami nikajua kuna jambo.

"Kaka," akaniambia, "njoo unisaidie. Mpwao ameingiwa na mambo ya mishale."

Nikamwuliza mishale gani tena, kwani hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977. Akanieleza kuwa ni mchezo wa shabaha, na kwamba mwalimu wa mchezo huo amemteua binti yake aende Nairobi kujaribiwa pamoja na wenziwe. Majirani nao wameanza kusema: mtoto wa kike, tena yatima, na uta wapi na wapi? Na juu ya hayo, miezi miwili hiyo mishale ya binti ilikuwa haiendi inakotumwa. "Kama shabaha yenyewe haipigi," akasema dada yangu, "huko Nairobi anakwenda kutafuta nini isipokuwa aibu? Mimi nimechoka kusema. Wewe ndiye mjomba wake. Ukisema aende, ataenda. Ukisema akae, atakaa."

Huo, wasomaji wangu, ni mzigo. Neno la mjomba kwetu si jepesi, na mtu akilisema halirudi, kama mshale. Nikapanda basi.

MJI WA RELI NA MATANGA

Kisumu ni mji uliozaliwa na reli. Reli iliyoanzia kwetu Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali hapo Waingereza wakapaita Port Florence. Njiani reli hiyo ilipata tabu nyingi, na mojawapo ilikuwa ni mishale ya Wanandi, ambao walipigana na wageni hao miaka mingi hata kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwezi wa Oktoba 1905. Kwa hiyo mtu akisema uta ni kitu kigeni katika nchi zile, mwambieni atazame milima ya Nandi inayoonekana kutoka Kisumu kwenyewe.

Siku niliyofika nilikwenda Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambako zimewekwa zana za uvuvi, za kilimo na za uwindaji za watu wa pande hizo. Nilitaka nione kwanza, kabla ya kuhukumu. Wajaluo wenyewe silaha yao kubwa ilikuwa mkuki na ngao. Lakini jirani zao, Wanandi, Wakipsigis, Wakisii na Wakuria, walikuwa watu wa uta. Wanandi na Wamasai hata ng'ombe wao wenyewe walikuwa wakiwapiga mshale: mshale mfupi wenye kizuizi nyuma ya chembe, usipenye kupita kiasi, hutoboa mshipa wa shingo damu itoke ya kunywa, kisha jeraha huzibwa na ng'ombe huenda zake malishoni. Fikirini ustadi wa mkono unaoweza kumpiga ng'ombe mshale asife.

Nikatoka hapo nikashuka ufukweni Dunga. Wavuvi walikuwa wanarudi na ngege na mbuta, na baadhi ya mashua zilikuwa na matanga ya pembe tatu kama ya kwetu. Nikajisikia niko nyumbani kidogo. Maji tu ndiyo hayana chumvi.

UTA WENYEWE

Kesho yake asubuhi mpwa wangu alinipeleka uwanjani. Alinisalimia shikamoo, akanibebea kiti, na njia nzima hakutaja hata mara moja habari za Nairobi. Alijua nimekuja kwa nini. Alikuwa amevaa suruali pana, kanzu fupi ya mikono mirefu, na mtandio mkubwa uliozungushwa shingoni mara mbili na kubanwa kwa pini chini ya kidevu.

Mwalimu wake ni mzee wa Kijaluo, mtu mpole, mwenye maneno machache. Jambo la kwanza nililoliona, na nikaliweka moyoni, ni kwamba hakuwagusa wanafunzi wake. Alikuwa na mshale mkuukuu usio na chembe, na kwa ncha yake alikuwa akionyesha: kiwiko hiki kishuke, bega hili litulie. Wasichana na wavulana aliwaonyesha sawasawa.

Halafu nikauona uta. Lahaula! Mimi nilitazamia kuona mti uliopindwa na upote mmoja. Huu ulikuwa chuma kitupu katikati, mabawa mawili mafupi, na kila upande wa bawa una roda, na kamba zinapita huku na huku kama majarari ya jahazi. Nikamwambia mpwa wangu, "Huu si uta, hii ni mashine." Akacheka. "Mjomba, si nyinyi watu wa bahari? Roda mnaiogopa?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Uta huu ulibuniwa na Mmarekani, Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, aliyeomba hati ya ubunifu wake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Siri yake ni kwamba roda zile si duara kamili, wala tundu la katikati haliko katikati. Katika uta wa kawaida, kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na ule uzito mkubwa kabisa unakuja wakati ule ule unaotaka kutulia ulenge. Katika uta wa roda, uzito unapanda, unafika kileleni, kisha roda zinageuka na uzito unaporomoka. Uta wa mpwa wangu unavutwa kwa ratili 40, lakini ukishafika mwisho wake unabaki mkononi kama ratili 10 tu. Basi mtu anaweza kusimama, akavuta pumzi, akalenga.

Nikawakumbuka Wasanye wa kwetu, hao Waata waliokuwa wakiwinda ndovu katika nyika za Tsavo kwa mishale yenye sumu. Nyuta zao zilikuwa ratili 100 na zaidi, na hapakuwa na roda ya kuwapumzisha. Wenyewe walivuta na kuachia bila kukawia. Huyu mtoto yeye hukawia. Ndipo nilipotambua kwamba kazi ya uta huu si nguvu, ni utulivu. Na utulivu una kanuni zake.

MKONO HAUKAMATI

Mwalimu alinipa uta mwingine, wa mtu mzima, akamwambia mpwa wangu anifunze. Nikaushika kama nishikavyo panga la kufyekea. Nikaukamata barabara, vidole vyote vimefumba.

"Hapana mjomba," akasema. "Huo mkono fumbua."

"Nikifumbua si utaanguka?"

"Hauanguki. Nyoosha mkono kama askari anayesimamisha gari."

Nikanyoosha. Akaniambia nitazame kiganja changu, ule mstari mrefu unaozunguka nyama ya kidole gumba. Mpini wa uta hukaa upande wa ndani wa mstari huo, juu ya ile nyama nene iliyo chini ya gumba, wala hauvuki kwenda katikati ya kiganja. Kisha mkono hulazwa kidogo, vifundo vya vidole vikae mshazari, si wima wala si kulala kabisa. Vidole vitatu vya mwisho vinalegea kando ya mpini. Kidole cha shahada kinaweza kugusa mbele, kugusa tu, bila kubana. Uta unapovutwa, wenyewe unakuja kukaa katika ile nyama. Mkono unausukuma, hauukamati. Na ili usidondoke mshale ukishatoka, kuna kitanzi cha kamba kinachopita mbele ya uta na kufungwa kwenye kifundo cha mkono.

Nikamwuliza kwa nini shida yote hiyo. Akanijibu vizuri, nami nawapa jibu lake. Mkono unaofumba haufumbi sawasawa mara mbili. Leo gumba limebana zaidi, kesho kidole cha mwisho. Kila kidole kinachobana kinauzungusha uta kidogo, na uta uliozunguka hupeleka mshale kushoto ama kulia, hata kama jicho lililenga katikati. Mtu anaweza kurudia jambo moja tu bila kukosea, nalo ni kutofanya kitu. Mkono uliolegea leo na mkono uliolegea kesho ni mkono mmoja.

Basi nikavuta. Uta ukanipinga, kisha ghafla ukalegea, nikashangaa kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Hapakuwa na mshale. Nilitaka kuuachia upote nione utafanyaje, na mara mpwa wangu na mwalimu wakapiga kelele pamoja: "Usiachie!" Nikaurudisha polepole, jasho likinitoka. Kumbe uta haufyatuliwi mtupu kamwe. Ile nguvu iliyowekwa humo, kama haina mshale wa kuichukua, hurudi katika mabawa na roda, na uta huweza kuvunjika mkononi mwa mwenyewe. Nikasema moyoni, hata hasira ni hivyo hivyo.

KUTIA NANGA

Jambo la pili ni mkono wa nyuma, ule unaovuta. Katika uta wa roda vidole havigusi upote. Kuna kifyatuo, chombo kidogo cha kushikwa kiganjani, chenye ulimi unaonasa kitanzi kilicho kwenye upote. Zamani Waarabu na Waturuki walivuta kwa kidole gumba kilichovishwa pete, na namna ile ya kukunja vidole walimu wao waliiita sitini na tatu, kwa sababu ndivyo tarakimu hiyo ilivyohesabiwa kwa vidole. Kwa hiyo wazo la kuweka kitu kati ya nyama na upote si geni kwa watu wetu.

Ukishavuta hata mwisho, mkono lazima uwe na mahali pa kufikia, pale pale kila mara. Wazungu wanaochezea uta wanapaita mahali hapo nanga, na mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Chombo kisichotia nanga huamka asubuhi mahali pengine. Nanga ya mpiga mishale ni fupa la taya: lile fupa huingia katika bonde lililo baina ya kifundo cha kidole cha shahada na kifundo cha kidole cha kati. Hapo ni fupa kwa fupa, na fupa halinenepi wala halikondi. Upote nao hugusa ncha ya pua kidogo tu. Na katika upote kuna kitundu. Jicho hutazama kupitia kitundu hicho, likaiona pete ya kilengeo iliyo mbele ya uta, na miviringo hiyo miwili ikikaa mmoja ndani ya mwenziwe, hapo ndipo mtu husema nimefika. Kichwa hakiendi kuufuata upote. Upote ndio unaokuja usoni.

Nikauliza, kosa la milimita moja laweza kufanya nini? Mwalimu akachukua kijiti akapiga hesabu mchangani. Mshale una urefu wa sentimita 70 hivi. Mkia wake ukipanda au kushuka milimita moja, basi katika mita 50, ambazo ndizo masafa ya uta wa roda katika mashindano, kosa hilo hukua likawa karibu sentimita 7. Shabaha yenyewe ina upana wa sentimita 80, na kile kiduara cha pointi 10 kina upana wa sentimita 8, yaani sentimita 4 kutoka katikati. Kwa hiyo milimita moja shavuni inatosha kukutoa kumi ikakutia tisa. Na mashindano ya kwanza huwa na mishale 72. Hesabuni wenyewe.

Halafu akanipa kanuni moja ambayo, alisema, si ya kuapia lakini aghalabu ni kweli. Mishale ikitawanyika kushoto na kulia, mtuhumu mkono wa uta. Ikitawanyika juu na chini, mtuhumu mkono wa nanga.

Nikageuka nikatazama shabaha ya mpwa wangu. Mishale sita, na yote imejipanga wima kama ngazi: mmoja juu kabisa, mmoja chini kabisa, na minne katikati ikipandana. Hakuna hata mmoja uliokwenda kando. Mkono wake wa mbele ulikuwa safi. Alikuwa akivuta, akilenga, akisita, akitoa shingo mbele kutafuta kile kitundu, akirudi nyuma. Alipouteremsha uta nikaona macho yake yamejaa machozi, nami nikajifanya natazama korongo waliokuwa wakizunguka juu ya jaa.

DADA YANGU UWANJANI

Jioni ile, baada ya isha, tulikaa barazani. Dada yangu akangoja hukumu. Mimi nikamwambia sina hukumu ila nina ombi: kesho twende wote. Akakataa, akasema ana nguo za watu za kumaliza. Nikamwuliza, "Umewahi kumwona hata siku moja akipiga?" Akanyamaza. Hakuwahi. Baba mtu ndiye aliyekuwa akimpeleka, na tangu siku ile ya msiba dada yangu hakutaka kuutia mguu uwanja ule.

Tukazungumza sana usiku huo. Nikamkumbusha yale tuliyosomeshwa sote wawili na maalim wetu tulipokuwa wadogo: kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliupenda mchezo wa mishale na akawahimiza watu wajifunze na wasiuache, kwamba Saad bin Abi Waqqas ndiye aliyetupa mshale wa kwanza katika njia ya Uislamu, na kwamba siku ya Uhud, mambo yalipoharibika, mmoja katika waliosimama kumkinga Mtume alikuwa ni mwanamke, Nusaiba bint Kaab, naye alikuwa na upanga na uta. Na mambo yaliharibika kwa nini? Kwa sababu wapiga mishale 50 waliwekwa juu ya kilima pamoja na Abdallah bin Jubair, wakaambiwa wasiondoke mahali pao kwa hali yoyote, na wengi wao wakaondoka walipoona ngawira. Mpwa wangu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akasema polepole, "Waling'oa nanga." Mamake akamtazama, akataka kutabasamu, akajizuia.

Nikamwambia pia habari za karibu zaidi. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi alikuwa mpiga mishale, binti yetu Shehzana Anwar. Usiku ule ule bendera ya Iran ilibebwa na mpiga mishale mwingine, Zahra Nemati, akiwa amevaa hijabu yake na ameketi katika kiti cha magurudumu. Huyu Zahra alikuwa mchezaji wa taekwondo kabla ya kuumia. Akashika uta, na mwaka 2012 mjini London akashinda medali ya dhahabu katika michezo ya walemavu. Wote wawili walitumia uta usio na roda, kwani hadi hapo Olimpiki ilikuwa haijaukubali huu mwingine. Sasa umekubaliwa: michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028 imepangiwa shindano la uta wa roda, mwanamume na mwanamke wakipiga pamoja kwa nchi yao.

"Hayo ya Olimpiki yako mbali," akasema dada yangu. "Mimi nataka mwanangu asichekwe." Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa buibui.

Uwanjani alikaa kwenye kile kiti changu, mkoba wake wa ushoni magotini, hasemi na mtu. Binti akapiga mishale mitatu. Ngazi ile ile: juu, chini, katikati. Akajiandaa kwa wa nne, akavuta, akaleta mkono tayani. Mara dada yangu akasimama.

"Ebu ngoja! Shusha hicho kitu."

Akamwendea mwanawe, akamshika chini ya taya, akaanza kukunjua ule mtandio. Mtandio ulikuwa na mikunjo minne pale pale mkono unapotua, na pini juu yake. Dada yangu hajui habari ya roda wala kitundu, lakini nguo anaijua. "Wewe unaambiwa utafute fupa," akamwambia, "utalipataje na umelifunika kwa godoro? Mara mkunjo mmoja, mara minne, mara pini. Nguo hii inateleza. Kila ukivuta inahama." Binti akabaki anamtazama. Kumbe tangu alipoanza kuuvaa mtandio huo mkubwa, baada ya eda ya mamake kwisha, ndipo mishale yake ilipoanza kupotea, na hakuna aliyeziunganisha habari hizo mbili. Mwalimu aliona mkunjo, bila shaka, lakini ni mtu wa heshima. Hakuona kuwa yafaa kumwambia binti wa Kiislamu habari za mtandio wake.

Tukarudi nyumbani. Dada yangu akaiacha ile kazi ya watu, akakata kitambaa cha pamba chenye kuvutika, akashona hijabu ya kuvaliwa kichwani kama fulana: haina pini, haina mkunjo, tabaka moja tu juu ya taya, na nyuma imeshuka mpaka mabegani, kifuani imetulia, haipepei na kuukaribia upote. Alishona mbili, akazijaribu kichwani mwake mwenyewe mbele ya kioo, huku akijigusa taya kwa vifundo vya vidole. Nilipomwona hivyo nikajua kwamba kazi ya mjomba imekwisha.

Siku ya tatu ngazi ilikuwa imevunjika. Mishale sita ilikaa katika mzunguko ambao ningeweza kuufunika kwa kofia yangu. Sisemi yote ilikuwa katika kumi. La, upepo wa ziwa ulianza kuvuma mapema siku hiyo na miwili ikachepuka. Lakini ilikuwa pamoja. Mwalimu alitazama, akatikisa kichwa, akamwambia dada yangu kwa Kiswahili chake cha ziwani, "Mama, wewe ndiye mwalimu."

LILE LA MWISHO NILILOJIFUNZA

Kabla ya kuondoka nilipiga mshale mmoja, kwa mita 18 tu, msinicheke. Nilifumbua mkono. Nikatia nanga. Nikakiona kitundu na pete vikiwa kitu kimoja. Na hapo nikataka kubonyeza kifyatuo haraka, kabla picha ile haijaniponyoka. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Usibonyeze, mjomba. Endelea kuvuta kwa mgongo, kitafyatuka chenyewe." Kwani anayebonyeza kwa makusudi hushtuka kabla ya mshale kutoka, na mshtuko huo huingia mkononi. Nikavuta kwa mabega, nikangoja, na mara ukaondoka bila mimi kuujua. Mkono wangu ukabaki pale pale ulipokuwa, na uta ukaning'inia kwenye kitanzi chake. "Kaa hivyo hivyo mpaka ugote," akasema. Nikakaa.

Nikamkumbuka Liyongo. Nyote mwakijua kisa: alipochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, alichukua uta wake akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale na kuvuta, na hapo ndipo roho ilipomtoka. Watu wa mji wakakaa siku kadhaa hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Utotoni nilikiona kisa hicho kuwa ni cha kutisha. Siku ile Kisumu nilikiona kingine: mtu aliyejua kusimama mahali pake.

Walikwenda Nairobi wote wawili, mama na mwana. Hakuwa wa kwanza, wala wa pili. Alikuwa wa nne, na akaambiwa arudi tena. Dada yangu alinipigia simu kutoka stendi ya mabasi, kelele tupu nyuma yake, akanieleza mshale kwa mshale mpaka salio likamwishia. Majirani nao, naambiwa, sasa wanaulizia ile hijabu inashonwa kwa bei gani.

Basi wasomaji wangu, mzazi mwenye mtoto anayependa jambo la halali asilolielewa yeye, asihukumu akiwa barazani. Na aende akatazame. Huenda kosa linalomsumbua mtoto ni mkunjo mmoja wa nguo, na fundi wa kuuondoa ni yeye.